Mfuko Upande wa Kulia

Machi 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na bati limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya kukatia. Nimeweka ndoo. Mama akasema niisogeze kushoto kidogo. Macho yake siku hizi hayamsaidii, lakini kwa kusikia matone tu alijua imekaa vibaya. Nimeisogeza. Alikuwa amepatia, kama kawaida yake, na mimi kama kawaida yangu sikumwambia.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Kurasa za mbele ni za wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Huku nyuma hakuna anayefika.

Machi 5

Sare kumi na mbili za shule. Mgongo.

Machi 9

Kaka amerudia tena habari ya soko.

Ndugu yangu huyu anaongoza kipindi cha asubuhi redioni, na wasikilizaji wamempa jina la Kifungua Kinywa, maana kuna watu hawanywi chai mpaka wamsikie. Leo amesimulia alivyolala miaka miwili chini ya meza za wauza nyanya, ana umri wa miaka kumi, gunia ndilo shuka. Sauti ikamtetemeka mahali palepale inapotetemeka siku zote. Mama alikuwa anashona vifungo kwa kupapasa. Akanyoosha mkono, akaifunga redio, akaendelea na kifungo cha tatu.

Mimi na Kaka tumelala kitanda kimoja mpaka alipofikisha miaka kumi na miwili, na alikuwa na tabia ya kuvuta shuka lote upande wake. Kama alilala sokoni, basi mimi nilikuwa navutana shuka na mzimu.

Machi 10

Kumbe si mimi peke yangu ninayehesabu miaka. Fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ana simu yenye kioo kilichopasuka na mdomo usio na breki. Amekuja kuazima mkasi, akasimama mlangoni kunisomea maoni ya watu mtandaoni. Wengine wanalia naye. Wengine wanauliza: soko gani, mwaka gani, na hizo alama nzuri za darasani alizipata akisomea chini ya nyanya?

"Dada," akaniuliza, "kaka yako ametia chumvi kwenye mboga, au mboga yenyewe ndiyo chumvi?"

Nikamwambia arudishe mkasi kabla ya saa nane.

Machi 11

Hakurudisha mkasi.

Machi 14

Leo nimeumia.

Amekuja mteja mpya na watoto watatu wa kushonewa sare. Wakati nampima mdogo, akaniinamia sikioni: "Samahani dada, nimeambiwa hapa ndipo kwao Kifungua Kinywa. Yule bibi pale ndiye mama aliyemwacha mtoto sokoni?"

Alinong'ona, lakini Mama macho yalipopungua masikio yaliongezeka. Nilimwona ameacha sindano hewani. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ya kazini, "Mwambie mtoto asimame wima, asivute pumzi. Akivuta pumzi shati litambana akila."

Mama ameshona katika chumba hiki miaka thelathini na minane. Hajawahi kumharibia mtu kitambaa wala kumwambia mtu aje kesho na kesho ikapita. Jina lake ndiyo mali aliyo nayo. Sasa linatafunwa na watu ambao hata hawajui anakaa upande gani wa chumba.

Nilimpigia Kaka simu nikiwa nimesimama uani, maji yananitiririka kisogoni.

"Ukisema ulilala sokoni, watu wanauliza mama yako alikuwa wapi."

"Sijamtaja Mama hata siku moja."

"Ndiyo maana wanauliza."

Akasema anaingia studio. Huyu mtu anazungumza kwa riziki, lakini kwangu maneno yanamwisha.

Machi 17

Mvua. Mvua tena. Pasi inakausha nguo kuliko jua.

Machi 21

Mtu mmoja aliyesoma na Kaka darasa moja ameweka mtandaoni picha yao ya darasa la tano. Namkumbuka. Alikuwa kiranja, na mpaka leo sisi humwita Kiranja. Ameandika: "Huyu ndiye mlala sokoni wenu. Mtazameni alivyonyooka. Alikuwa nadhifu kutushinda wote."

Fundi viatu alikuja mbio kunionyesha. Kwenye kile kioo chake chenye nyufa niliona watoto wamepangwa mistari mitatu, na Kaka katikati, shati safi, kitabu amekikumbatia kifuani. Wenzake wote mikono chini, yeye na kitabu. Chini yake watu wanacheka kweli. "Mtoto wa maskini anapiga picha na kitabu kama wakili!" "Jamaa amepiga chuku mpaka ameishiwa chuku!"

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, acha wamuumbue, labda ataacha kumpaka Mama matope.

Machi 28

Nimefanya kosa, na ni kosa la kukaribisha mteja bila kumwuliza kwanza.

Kijana mmoja amekuja na suruali ya kupunguzwa upindo. Mtu akija na suruali, nanyi mtamkaribisha. Ndivyo duka linavyoishi. Nimeshamkalisha kwenye kigoda, Mama ameshamwuliza hali ya kwao, ndipo akatoa kalamu. Ni mwandishi wa gazeti. Akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, ni kweli mwanao alilala sokoni?"

Ningemtoa pale pale. Lakini Mama aliweka kazi chini, akakaa sawasawa kama mtu anayepigwa picha.

"Mwanangu hakulala sokoni hata usiku mmoja," alisema. "Andika hivyo. Wala hakukosa kitu katika nyumba hii. Alikula, akavaa, akasoma. Watafute majirani wetu wa zamani uwaulize. Kila jioni walikuwa wanasikia vijiko vyetu vikigonga sahani."

Hapo nikajichoma sindano kidoleni.

Maana vijiko navijua. Kulikuwa na jioni ambazo Mama alifunga mlango, akapanga sahani tatu tupu mezani, akatuambia tugonge. Tuligonga polepole, kama watu wanaotafuna vizuri. Kisha tulikunywa maji tukalala. Mimi nilidhani ni mchezo wa nyumba yetu, na nilikuwa naucheza kwa bidii. Nilikuwa mkubwa ndipo nikaelewa mchezo ule ulikuwa wa kuwachezea majirani.

Kijana aliandika kila neno. Akachukua suruali yake na kushukuru. Upindo nilimshonea vizuri, sijui kwa nini.

Aprili 1

Gazeti limetoka. Kichwa cha habari: MAMA MZAZI AMKANA KIFUNGUA KINYWA. Kufikia saa sita meneja wa kituo alikuwa ameshamsimamisha Kaka. Kipindi amepewa binti mmoja, na anacheka kila baada ya sentensi.

Sasa nataka kuandika jambo lililonipata saa nane mchana, niliandike taratibu nisiharibu.

Fundi viatu alininunulia gazeti. Ndani wameichapa ile picha ya darasa, kubwa, karibu nusu ukurasa. Nililitandaza juu ya meza ya kukatia, mbali na ndoo. Nikamtazama Kaka kwa hasira. Halafu jicho la kazi likaanza kutazama lenyewe, bila mimi kulituma. Fundi ni fundi hata akiwa na hasira.

Watoto wote wa kiume wana mfuko wa shati kifuani, upande wa kushoto. Kaka upande wa kushoto hana kitu, kitambaa kitupu. Nikafuata vifungo. Mashati yote yamefungwa kiume, lake limefungwa kike. Nikaleta ile miwani ya Mama ya kukuzia. Kitabu amekibana upande wa kulia, kwa nguvu, vidole vimekunjamana. Chini ya ukingo wa kitabu inachungulia pembe ya mfuko.

Shati lile limegeuzwa.

Kazi hiyo hakuna anayeiomba siku hizi. Shati likipauka nje, fundi analifumua lote, kola, mikono, mabega, kila kipande peke yake. Anavigeuza ndani nje, upande ambao haujaonja jua, anashona upya. Likipigwa wanga na pasi, huwezi kulitofautisha na jipya. Lakini vipande vikigeuka, cha kushoto kinakwenda kulia. Matundu ya vifungo yanahama. Na mfuko huwezi kuurudisha kushoto, kwa sababu matundu ya mshono wa zamani yamebaki upande wa kulia na ni lazima yafunikwe. Yote mengine fundi hodari anaweza kuyaficha. Mfuko unamshinda.

Miaka yote ile ya shule Kaka alikuwa anakwenda na kitabu kifuani. Njiani, mstarini, hata akicheza. Watu walimwita Profesa. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo, na nilikuwa namchukia kidogo kwa maringo.

Alikuwa anaficha mfuko.

Nilikaa juu ya lile rundo la sare mpaka Mama akauliza mbona cherehani imenyamaza. Nikasema uzi umekatika.

Aprili 2

Sikumwambia Mama. Simu ya Kaka haipokelewi.

Aprili 4

Wateja wawili wameahirisha. Watatu wapya wamekuja, wote kutazama.

Aprili 8

Kaka amekuja. Asubuhi, kwa miguu, ameloa mpaka kwenye soksi. Mtu niliyezoea kumwona amepiga suti alikuwa na shati moja limemganda mgongoni. Akamsalimia Mama: "Shikamoo Mama." Mama akaitikia, "Marahaba," na hapo mazungumzo yao yakaisha. Nikamvuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Hilo soko ulilitoa wapi?" nikamwuliza.

Hakujitetea. "Niliazima. Kulikuwa na mchukuzi mmoja, nilimhoji mwaka wa kwanza kazini. Ni yeye aliyelala pale. Mara ya kwanza nilisimulia kama habari yake. Watu wakalia. Mara ya pili mtu akapiga simu akaniuliza, na wewe je, unayajua maisha? Nikajikuta nimesema ni mimi."

"Na kwa nini usiseme yetu? Sisi tulikosa ya kusimulia?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Ningesema nini? Kwamba tulikuwa tunagonga sahani tupu? Mama aliniapisha, nikiwa na miaka tisa, mikono yangu miwili juu ya cherehani ile. Ya nyumbani yasitoke. Nikaona bora nijisemee uongo mimi kuliko kusema kweli yake. Sikujua uongo nao utamfikia."

Nikafungua gazeti, nikaweka kidole juu ya kitabu. "Tazama picha hii." Alifumba macho.

"Umejua lini?" akauliza.

"Wiki iliyopita. Wewe?"

"Siku ile ile aliponivalisha. Vifungo vilikuwa vinakwenda upande wa pili, mikono yangu ilikuwa inapotea. Alisema amenishonea jipya. Nikamwambia, asante Mama, linanukia upya."

"Njooni huku," Mama akasema. Pazia ni kitambaa tu, nasi ni wajinga. "Njooni wote wawili. Ni picha gani hiyo?"

Ikabidi nimweleze, kwa kuwa hawezi kuiona. Nilimweleza kama ninavyomweleza nguo ya mteja: kola imekaaje, vifungo vinaelekea wapi, kitabu kiko wapi. Nilipofika kwenye kitabu uso wake ulibadilika. Mkono wake ukapapasa mezani, haukutafuta kitu.

"Ulijua," akamwambia Kaka.

"Nilijua, Mama."

"Miaka yote mitatu ya shati lile."

"Ndiyo."

"Na mimi nikijisifu moyoni kwamba nimekudanganya vizuri." Aliinamisha kichwa. Mama yangu sijawahi kumwona akilia, na leo pia siwezi kuapa, maana alikuwa ameugeukia ukuta na mvua ilikuwa inapiga bati. Alipogeuka tena sauti ilikuwa imemkauka. "Lilikuwa la mtoto wa mteja. Watu walikuwa wanaleta shati la zamani nichukue kipimo, halafu wanasema acha tu, fanya tambara. Lile lilikuwa la Kiranja. Kila siku ukienda shule roho yangu juu, mama yake asije akalitambua, au mwenyewe akalitambua mwanangu akachekwa. Ndiyo maana nilikuapisha. Sikuona haya kwa ajili yangu."

Kaka alipiga magoti, na maji yaliyomtiririka yakafanya dimbwi sakafuni. Hakusema kitu cha redioni. Alisema, "Nisamehe. Nimekufanya mama aliyetupa mtoto."

Mama hakumwambia amemsamehe. Alimwambia avue hilo shati lililoloa, akatafuta moja kwenye rundo la yasiyochukuliwa, akampa. Halafu akaniambia nimtungie uzi. Alishona vifungo viwili kabla ya kusema tena.

"Wanakupa nafasi ya kusema?"

"Meneja amenipa dakika kumi. Niombe radhi, basi."

"Basi sema. Sema hukulala sokoni. Sema na hilo la shati. Nakufungua kiapo." Akainua sindano. "Lakini usiniombee huruma. Sema jinsi nilivyoshona. Na mwenye shati usimtaje, huyo ni mteja."

Nilikuwa namwona Mama mgumu, na Kaka mwongo, na mimi mwenyewe mwenye akili. Leo sijui tena.

Aprili 11

Ndoo imejaa mara tatu.

Aprili 15

Saa moja na nusu asubuhi. Mama alikaa karibu na redio, mikono mapajani, hana kazi. Fundi viatu aliingia bila hodi akasimama kando ya pasi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuleta neno.

Kaka alisema: "Sikulala sokoni. Niliwadanganya. Habari ile ni ya mtu mwingine, na huyo nimemwibia." Sauti haikutetemeka mahali popote. Kisha akaeleza shati. Alieleza kufumua, kugeuza, wanga, mfuko kuhamia kulia. Alieleza kitabu. Alisema, "Hatukuwa na chakula kila jioni, lakini nilikwenda shule na shati ambalo mwalimu alilisifu mbele ya darasa. Lilishonwa na mama yangu, na yupo, na hakunitupa popote."

Mama alikuwa anafuatisha kwa midomo. Kaka alipofika kwenye kola, Mama akamsahihisha kwa sauti ya chini, "Kola niliishona mara mbili."

Meneja alimshukuru, akaweka wimbo. Mchana akampigia kumwambia asirudi. Mtu aliyekiri uongo, alisema, nani atamwamini akitaja hata saa?

Aprili 17

Mvua imepungua. Leo matone yanahesabika.

Kaka yupo hapa tangu asubuhi. Anapiga pasi, na anapiga vibaya. Yule mteja wa watoto watatu amekuja kuchukua sare. Aliushika mkono wa Mama kwa mikono miwili, akakawia kuuachia. Mama akamwuliza kama shati la mdogo linabana akila.

Saa kumi fundi viatu akaja na simu. Alisita mlangoni, nikajua si zuri. Nikamwambia asome tu, hatuna tena cha kufichwa.

Watu wengi hawajaamini. Wanasema ni hadithi nyingine, ametoka sokoni ameingia kwenye cherehani. Na aliyeandika kwa kirefu kuliko wote ni Kiranja. Fundi viatu akasoma taratibu:

"Nimeikuza picha nikalitazama hilo shati vizuri. Halijapauka popote. Kola imesimama. Hilo ni shati jipya kutoka dukani, msidanganyike mara ya pili. Mimi mwenyewe mwaka ule sikuwa na shati zuri kama hilo."

Kaka aliacha pasi, akakaa chini. Nilimwona amekubali kwamba jina lake halitarudi, si kwa mwaka huu wala kwa ukweli wowote atakaoupata. 

Mama alikuwa ameinua uso.

"Nani kasema hivyo?"

"Kiranja, Mama," nikamjibu.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ameikuza picha?"

"Ameikuza."

"Hebu nisomee tena," akamwambia fundi viatu. "Pale pa kola."

Akasomewa tena. Alisikiliza huku kichwa amekiinamisha upande, kama anavyoisikiliza ndoo. Halafu akapapasa mpaka akampata Kaka begani, akaushusha mkono hadi upande wa kulia wa kifua, akauacha pale.

"Basi nilishona vizuri," alisema.

Akaniomba nimtungie uzi. Nikamtungia.